Msaada kemia: chuma 72.4%, oksijeni 27.6%, mimi napata FeO ila jibu wameandika Fe3O4??

BintiWaDukani
Habari za usiku wakuu, na wakubwa wote shikamooni. Mimi narudia kemia kama mtahiniwa wa kujitegemea, mchana nauza duka la mama usiku ndo nasoma, mwalimu sina ni mimi na daftari la zamani la kaka yangu tu. Sasa kuna swali hili limenikalisha tangu jana. Kampaundi ina chuma 72.4% na oksijeni 27.6%, tafuta fomula yake ya empirikali (uwiano wa atomu zake kwa namba nzima ndogo kabisa). Masi za atomu: chuma Fe = 56, oksijeni O = 16.

Nilivyofanya mimi: 72.4 gawanya kwa 56 nikapata 1.293 nikaandika 1.3. 27.6 gawanya kwa 16 nikapata 1.725 nikaandika 1.7. Halafu nikagawanya kwa kile kidogo, 1.3 kwa 1.3 ni 1, na 1.7 kwa 1.3 ni 1.3, nikaraundi ikawa 1. Kwahiyo FeO. Nyuma ya daftari jibu ni Fe3O4. Hiyo 3 na 4 zimetoka wapi jamani?? Nikasema labda oksijeni si ni O2, nikagawanya kwa 32 badala ya 16, sasa ikaja Fe3O2, ndo nikafunga daftari nikalala.

chalii_wa_stendi
Dah kemia.. mimi hiyo mada niliiacha palepale kwenye chumba cha mtihani haikunifuata nyumbani 😂 ila nakumbuka ukiona desimali unazidisha kwa 2. Jaribu.

BintiWaDukani
Nimejaribu mkuu, 1.3 mara 2 ni 2.6 nikaraundi 3 ikaja Fe2O3. Sasa nina majibu matatu na yote siyo.

Mwl_Chaki
Marahaba binti. Tulia, haupo mbali kabisa, njia yako ni sahihi mwanzo mpaka karibu na mwisho, kilichokuponza ni kuraundi mapema na kuraundi kisichoraundiwa. Ngoja tuanze na hilo la O2 kwanza maana ni kosa nimelisahihisha kwenye madaftari miaka na miaka.

Ile asilimia inahesabu atomu za oksijeni zilizojifunga na chuma, haihesabu gesi inayopepea hewani. Ndani ya kampaundi hakuna O2, kuna O, O, O. Kwahiyo unagawanya kwa 16 siku zote kwenye maswali haya. Vivyo hivyo haidrojeni ni 1 siyo 2, naitrojeni ni 14 siyo 28. Na usije ukagawanya kwa namba ya atomiki (chuma 26, oksijeni 8), wapo wanaofanya hivyo pia, wanasoma namba isiyo yake kwenye jedwali.

Sasa turudi kwenye hesabu. Usiikate 1.293 wala 1.725, ziache zilivyo. 1.725 gawanya kwa 1.293 ni 1.334. Hiyo 1.334 iangalie vizuri, hiyo siyo 1 iliyochafuka, hiyo ni moja na theluthi. Yaani chuma 1 kwa oksijeni 1 na theluthi. Atomu haikatwi theluthi, kwahiyo unazidisha kote kwa 3, chuma inakuwa 3 na oksijeni 4. Ndiyo hiyo Fe3O4.

Ile mkia wa desimali ndiyo inakwambia uzidishe kwa ngapi. Ukiona .5 ni nusu, mara 2. Ukiona .33 au .67 ni theluthi, mara 3. Ukiona .25 au .75 ni robo, mara 4. Ukikuta 1.98 au 3.02 hapo sawa raundi, hiyo ni makosa madogo ya kipimo au ya aliyetunga swali kukata namba. Lakini 1.3 kwenda 1 hapana, hapo umeitupa theluthi nzima ya oksijeni nje ya dirisha.

chalii_wa_stendi
Kumbe mara 2 siyo dawa ya kila ugonjwa. Nimejifunza mimi sijui ya nini saa hizi 😂

msomi_wa_Kisumu
Mwalimu ameeleza poa sana. Mimi niongeze kitu moja, mwalimu wetu huku Kenya alikuwa anatulazimisha, ukimaliza rudi nyuma uhakikishe, hata kama una dakika mbili tu. Chukua jibu lako FeO, masi yake 56 + 16 ni 72, chuma ni 56 kwa 72 ambayo ni 77.8%. Swali lilisema 72.4. Hapo hapo unajua umepotea bila mtu kukuambia. Fe2O3 nayo ni 112 kwa 160, ni 70% kamili. Fe3O4 ni 168 kwa 232 ni 72.4. Hizo oksaidi tatu za chuma ziko karibu karibu kwa asilimia ndio maana watunga mtihani wanazipenda, ukiraundi vibaya unaangukia kwa jirani na jibu linaonekana la maana. Fe3O2 nayo haipo mahali popote hahaha.

Na Fe3O4 si kitu ya vitabuni tu, tukiwa watoto tulikuwa tunatoa sumaku kwa spika ya redio mbovu tunaiburuta kwa mchanga wa mtoni inatoka na manyoya meusi. Ule unga mweusi kwa sehemu kubwa ndio hiyo Fe3O4, inaitwa magnetaiti.

BintiWaDukani
Jamaniii asanteni!! Ile ya sumaku tumeifanya sana kumbe ndo yenyewe. Nimerudia nimepata 1.334 kweli. Mwalimu sasa swali la pili, kwenye daftari swali linalofuata wanataka fomula ya empirikali NA fomula ya molekuli, ila hili la chuma wameishia ya empirikali tu, mbona? Na tofauti yake hasa ni nini maana kaka ameandika "moja ni rahisi nyingine ni halisi" basi, sielewi.

Mwl_Chaki
Kaka yako hakukosea ila kabana matumizi.

Chukua vitu vinne: siki, ile asidi inayochachusha maziwa ya mtindi, glukosi ya kuweka kwenye uji wa mgonjwa, na ule mvuke mkali wa fomalini unaoliza macho kwenye maabara ya baiolojia. Siki namaanisha ile asidi yake safi, asidi asetiki, siyo siki yote na maji yake. Ukivipeleka vyote vinne vipimwe asilimia, vyote vinaleta kaboni 40%, haidrojeni 6.7%, oksijeni 53.3%. Kila kimoja! Piga hesabu: 40 kwa 12 ni 3.33, 6.7 kwa 1 ni 6.7, 53.3 kwa 16 ni 3.33, uwiano 1:2:1, CH2O. Kwahiyo kwa asilimia peke yake huwezi kutofautisha kinachowekwa kwenye kachumbari na kinachohifadhi vyura waliokufa.

Fomula ya empirikali ni uwiano tu. Ni kama mapishi ya mama, vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha mchele, hayajakwambia sufuria ni ya watu wangapi. Ili ujue sufuria unahitaji masi ya molekuli nzima. CH2O moja ina masi 30. Ule mvuke wa fomalini (fomaldihaidi) masi yake 30, kwahiyo ni CH2O yenyewe. Asidi ya siki 60, zidisha kwa 2, C2H4O2. Ya mtindi 90, mara 3, C3H6O3. Glukosi 180, mara 6, C6H12O6. Unagawanya masi ya molekuli kwa masi ya empirikali, namba unayopata ndiyo unayozidishia.

Na hawa wakubwa wa zamani nao walikwama hapahapa usione aibu. John Dalton mwenyewe aliandika maji kuwa HO, moja kwa moja, kwasababu uwiano wa uzito alikuwa nao ila idadi ya atomu hakuwa na njia ya kuijua akachagua iliyo rahisi. Avogadro alitoa ufunguo mwaka 1811, kwamba gesi zenye ujazo sawa, joto na kanieneo sawa, zina idadi sawa ya molekuli, watu hawakumsikiliza sana mpaka mkemia Cannizzaro wa Italia alipowaamsha kwenye mkutano wa wanakemia kule Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 1860. Karibu miaka 50 wanakemia hawaelewani kuhusu fomula.

Kuhusu chuma, Fe3O4 haina molekuli. Ni ayoni (atomu zenye chaji) zimepangwa kama matofali kwenye ukuta usio na mwisho, hakuna kipande unachoweza kukiita molekuli moja. Vivyo hivyo chumvi NaCl. Kwahiyo ya empirikali ndiyo fomula, hakuna nyingine.

msomi_wa_Kisumu
Hapo kwa ayoni niongeze mfano wa nyumbani, magadi. Yale mawe ya magadi tunaweka kwa mboga za kienyeji zilainike, yanatoka Ziwa Magadi huku, na madini yake yanaitwa trona. Trona safi ikipimwa: sodiamu 30.53%, kaboni 10.62%, haidrojeni 2.21%, oksijeni 56.64%. Gawa kwa 23, 12, 1, 16 unapata 1.327, 0.885, 2.21, 3.54. Gawa zote kwa 0.885: 1.5, 1, 2.5, 4. Nusu zimetokea, mara 2, Na3C2H5O8.

Ukiiona hivyo hata mpishi hawezi itambua. Lakini ukipanga upya ni Na2CO3 moja, NaHCO3 moja na maji mbili. Hesabu: sodiamu 2 na 1 ni 3, kaboni 2, haidrojeni 1 na 4 ni 5, oksijeni 3 na 3 na 2 ni 8. Inakubali. Lakini ile asilimia haikukuambia kwamba kuna maji ndani, hiyo lazima upashe moto ujue mvuke unatoka. Asilimia inajua idadi, haijui nani anakaa na nani.

mtoto_wa_makonyo
Assalaam alaykum wanajamvi. Mie niko Pemba, naona mmeshafika mpaka Magadi na sie wa karafuu tukae kimya, haiwezekani.

Dada nakupa swali lenye harufu, kisha ukilifanya hili nadhani umeimaliza mada. Mafuta ya karafuu, yale yanayokamuliwa kwa mvuke kutoka kwenye makonyo na majani, ndani yake sehemu kubwa ni kitu kinaitwa yujeno, ndicho kinachotia ganzi jino likiuma na madaktari wa meno wanakitumia mpaka leo. Kwanza ujue huwezi kuchukua mafuta yenyewe chupani ukayapima asilimia ukatafuta fomula, mafuta ni mchanganyiko, utapata fomula ya kitu kisichokuwepo duniani. Lazima uitenge yujeno iwe safi peke yake. Hilo halisemwi sana kwenye maswali, wanasema tu "kampaundi X" kama vile X imeanguka toka mbinguni imeshasafishwa.

Sasa swali. Gramu 0.82 za yujeno zimechomwa kwenye oksijeni ya kutosha, zikatoa gramu 2.20 za kaboni daioksaidi na gramu 0.54 za maji. Masi ya molekuli ni 164. Ina kaboni, haidrojeni na oksijeni tu. Tafuta zote mbili.

Asilimia sijakupa makusudi. Maana watu hudhani asilimia zinasomwa kwenye mashine kama mizani ya sokoni, kumbe za kaboni na haidrojeni tokea zamani zilipatikana hivi, unachoma kitu, unakamata maji na kaboni daioksaidi, unapima. Liebig wa Ujerumani mwaka 1831 alitengeneza kidude cha kioo chenye mapovu matano kina potashi ndani kwa ajili ya kuinasa kaboni daioksaidi, kikapimwa kabla na baada.

BintiWaDukani
Waalaykum salaam kaka. Nimefunga duka sasa hivi nimekaa nalo. Kaboni: kwenye CO2 kila 44 kuna 12, kwahiyo 2.20 × 12/44 = 0.60. Haidrojeni: kwenye maji kila 18 kuna 2, kwahiyo 0.54 × 2/18 = 0.06. Oksijeni sasa sijui niichukue wapi, kwenye CO2 ipo na kwenye maji ipo, nikizijumlisha zote napata 1.60 + 0.48 = 2.08 ambayo ni kubwa kuliko yujeno yenyewe 0.82?? Nimechanganyikiwa

mtoto_wa_makonyo
Ahsante! Hapo ndipo nilipokuwekea mtego na umeuona mwenyewe, wengine huingia mzima mzima. Ile oksijeni ya kwenye CO2 na maji nyingi yake imetoka nje, kwenye ile ya kuchomea. Huwezi kujua ipi ni ya mgeni na ipi ni ya mwenye nyumba. Kwahivo oksijeni ya yujeno inapatikana kwa kutoa. Ulianza na 0.82, kaboni imechukua 0.60, haidrojeni 0.06, kilichobaki?

BintiWaDukani
0.16! Basi moli (gramu gawanya kwa masi ya atomu): 0.60/12 = 0.05, 0.06/1 = 0.06, 0.16/16 = 0.01. Uwiano 5:6:1. C5H6O. Masi yake 60 + 6 + 16 = 82. 164/82 = 2. Molekuli C10H12O2.

Na nimehakikisha kama alivyosema wa Kisumu, 120/164 ni 73.2%, na 0.60/0.82 ni 73.2%. Imekubaliiii 🙌🙌

Alafu nimegundua sikuhitaji hata asilimia, gramu zenyewe zimetosha.

Mwl_Chaki
Umegundua jambo kubwa hapo. Asilimia ni gramu tu zilizojifanya sampuli ni gramu 100. Ukishapewa gramu halisi usipoteze muda kuzigeuza.

BintiWaDukani
Moja la mwisho jamani msinichoke. Kampaundi ya kaboni na haidrojeni, kaboni 92.3%, haidrojeni 7.7%, densiti ya mvuke ni 39. Nimepata 7.69 kwa 7.7 ni CH, masi 13, 39/13 = 3, C3H3. Ila daftari la kaka limechorwa chorwa hapo jibu halionekani.

chalii_wa_stendi
Hata mimi nimepata C3H3, leo nimefungua daftari na mimi msinicheke

Mwl_Chaki
Mmeingia wote shimo moja haha. Densiti ya mvuke siyo masi ya molekuli, ni mvuke huo ukilinganishwa uzito na haidrojeni ya ujazo uleule, na haidrojeni yenyewe ni H2, masi 2. Kwahiyo masi ya molekuli ni densiti ya mvuke mara 2. Hapa ndipo molekuli ya atomu mbili, kama ile O2 uliyoitaka mwanzo, inapoingia kihalali, ila ni H2.

BintiWaDukani
Kwahiyo 78. 78/13 = 6. C6H6!

msomi_wa_Kisumu
Benzini hiyo, usichanganye na ile ya kwa tenki ya gari. Sasa jiulize, ile gesi fundi wa kuchomelea anatumia, ya kutoka kwa kabaidi na maji, asetilini, densiti yake ya mvuke ni 13 na asilimia ni zile zile 92.3 na 7.7.

chalii_wa_stendi
13 mara 2 ni 26, 26/13 ni 2, C2H2. Aisee karibu na stendi kuna fundi wa gesi kesho naenda kumwambia.

BintiWaDukani
😂😂 Mwambie na akupe kazi. Asanteni sana wote, mama ananiita nikahesabu mauzo